Mafahali Wawili, Zizi Moja

Usiku wa kwanza nilimlaumu aliyenipa kompyuta. Usiku wa pili nikailaumu prosesa. Usiku wa tatu, nikiwa nimefungua lile sanduku kwa mara ya nne, vidole vimejaa ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na kipoozeo chake, ndipo nikaanza kushuku kwamba ugonjwa haukuwa kwenye chuma.

Kompyuta yenyewe ilikuwa mzee wa kazi. Ni zile mashine za mezani za wachora ramani za majengo na wahariri wa filamu: nzito, ubao mama wenye soketi mbili, yaani matundu mawili ya kuchomekea prosesa, na ndani yake prosesa mbili za Xeon, kila moja na viini sita, yaani sehemu sita zinazochapa kazi kila moja kivyake. Ilikuwa inakwenda kutupwa, nikaiomba, nikapewa. Nikapiga hesabu kichwani kama anavyofanya kila mtu aliyeokota kitu cha thamani. Viini sita mara mbili ni 12, na kila kiini kinabeba nyuzi mbili za kazi kwa ufundi wa Hyper-Threading, basi jumla ni prosesa za kimantiki 24. Nikasimika mfumo endeshi wa Windows, toleo la nyumbani, kwa kuwa ndilo nililokuwa na leseni yake. Nikafungua dirisha la kuangalia hali ya mashine, nikahesabu visanduku vya grafu. Vilikuwa 12.

Hakukuwa na alama ya njano wala ujumbe wa kosa. Kompyuta iliwaka vizuri, ikafanya kazi vizuri, ila ilikuwa nusu ya nilichokihesabu. Bayosi, ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya mfumo endeshi, ilizitaja prosesa zote mbili kwa majina na kasi zake. Nikazibadilishana nafasi, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Visanduku 12. Nikafuta ile dawa ya kupooza, nikapaka upya. Visanduku 12.

Dalili ilikuwa mbele ya macho yangu muda wote, na nikiikumbuka hucheka mwenyewe. Kwenye Xeon za kizazi kile, kidhibiti cha memori kimo ndani ya prosesa yenyewe. Vipande vya memori vilivyo karibu na prosesa ya pili hufikiwa kwa kupitia prosesa hiyo hiyo. Kama ingekuwa imekufa, nusu ya memori ingepotea pamoja nayo. Lakini memori yote ilionekana, hadi gigabaiti ya mwisho! Maana yake prosesa ya pili ilikuwa hai, imekaa macho, inapitisha data ya mwenzake usiku kucha, ila hakuna aliyeipa kazi yake yenyewe. Ng'ombe yumo zizini, analishwa, anapumua, lakini hajafungwa nira.

Jibu lilikuwa kwenye mstari mmoja mdogo chini ya grafu, penye idadi ya soketi. Paliandikwa moja. Si viini, si nyuzi: soketi. Toleo la nyumbani lina ruhusa ya soketi moja, na maelezo hayo yamo katika jedwali la kulinganisha matoleo ambalo sikulisoma, kwa hiyo lawama zote nilizozigawa kwa siku tatu zilirudi kwangu. Nikapata leseni ya toleo la juu, nikaingiza namba yake, nikazima na kuwasha. Visanduku 24. Hakuna kerneli mpya, yaani moyo wa mfumo endeshi, iliyopakuliwa. Alama 25 za herufi na tarakimu ziliingia, na prosesa iliyolala siku tatu ikaamka. Ujuzi wote wa kuendesha prosesa mbili ulikuwamo ndani ya toleo la nyumbani tangu mwanzo.

Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi usiku wa nne.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na mtu yeyote aliyewahi kugusa kerneli atakubali bila ubishi. Chukua prosesa mbili zinazosoma memori moja. Mahali fulani kwenye memori pameandikwa idadi ya kazi zinazosubiri, tuseme saba. Prosesa ya kwanza inasoma saba, inajumlisha moja. Sekunde ileile, ya pili nayo inasoma saba, inajumlisha moja. Ya kwanza inaandika nane. Ya pili inaandika nane. Kazi mbili zimeongezwa, kitabu kinaonyesha moja. Kosa la namna hii halitokei kila mara. Linaweza kuja mara moja katika milioni, saa nane za usiku, kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na ukijaribu kulirudia halirudi.

Dawa yake ni kufuli. Kabla ya kugusa kitabu, prosesa hufunga mlango, ikimaliza hufungua. Na ile iliyofika ikakuta pamefungwa haiendi kulala, maana ndani ya kerneli kulala na kuamka kunachukua muda mrefu kuliko kusubiri. Husimama mlangoni ikizunguka palepale, ikiuliza tayari, tayari, tayari, mamilioni ya mara. Ndiyo maana prosesa mbili hazifanyi kazi maradufu ya moja. Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alilieleza jambo hili mwaka 1967 kwa hesabu ambayo bado inauma: kama sehemu ya kumi ya kazi yako haigawanyiki, basi hata ukiongeza prosesa elfu hutavuka kasi ya mara kumi.

Njia rahisi ya kuwaweka mafahali wawili ni kuweka mlango mmoja tu kwa kerneli nzima. Ndivyo Linux ilivyoanza na toleo la 2.0 mwaka 1996: kufuli moja kubwa, anayetaka huduma ya kerneli aingie mmoja mmoja. Ni salama, lakini fahali wa pili anashinda langoni. Kulivunja kufuli hilo vipande vipande, kila kipande kilinde kitu chake, kulichukua miaka 15. Mabaki yake ya mwisho yaliondolewa kwenye toleo la 2.6.39, mwaka 2011. Nalitaja hili kwa makusudi, ili mtu asidhani kwamba uwezo wa prosesa nyingi ni swichi tu ambayo kampuni inaificha kwa uchoyo. Ni kazi ngumu mno, na kwa miaka mingi kompyuta za watu wa kawaida hazikuwa nayo kabisa.

Ukoo wa Windows ulikuwa na matumbo mawili. Tumbo la kwanza, lile lililotokana na DOS, mfumo endeshi wa zamani wa kuandika amri, ndilo lililozaa Windows 95, 98 na Me. Hizo hazikujua prosesa ya pili ni nini, na hapakuwa na leseni wala ufunguo wa kuzifundisha. Tumbo la pili ni NT. Dave Cutler na wenzake, aliokuja nao Microsoft kutoka kampuni ya Digital, waliijenga tangu mwanzo kwa ajili ya prosesa zaidi ya moja zinazogawana memori kwa haki sawa. Windows NT 3.1 ilipotoka mwaka 1993, makufuli madogo madogo yalikuwa yameshafumwa ndani yake.

Kwa hiyo mwaka 1999 lilizuka jambo la kuchekesha. Kampuni ya Abit ilitoa ubao mama ulioitwa BP6, wenye nafasi ya kuchomeka Celeron mbili. Celeron ilikuwa prosesa ya bei nafuu ambayo Intel haikuikusudia ifanye kazi wawili wawili. Hiyo ilikuwa heshima ya ndugu zake wakubwa. Wapenda kompyuta waliukimbilia ule ubao. Lakini aliyesimika Windows 98 juu yake alikuwa na prosesa mbili, moja inachapa kazi na nyingine inaota moto. Ilimpasa ahamie NT au Windows 2000, na kuhama huko kulimkosesha baadhi ya michezo yake na draiva za vifaa vyake. Hapo kizuizi kilikuwa cha kweli, cha ufundi. Sina ugomvi nacho.

Ugomvi, kama upo, unaanzia ndani ya NT yenyewe.

NT 4.0 ilikuja mwaka 1996 ikiwa na ngazi. Toleo la Workstation, la mezani, prosesa mbili. Server, nne. Server ya makampuni makubwa, iliyofuata mwaka 1997, nane. Windows 2000 ikaendeleza ngazi ileile: Professional mbili, Server nne, Advanced Server nane, na kileleni Datacenter yenye prosesa 32. Namba hizi zinapendeza, zinapanda kwa kujizidisha kama hesabu ya mhandisi. Si za mhandisi. Mwaka huohuo wa 1996, Mark Russinovich, ambaye miaka kumi baadaye aliajiriwa na Microsoft, alionyesha kwamba kerneli ya NT Workstation na ya NT Server ni ileile. Mashine inapowaka, kerneli husoma maingizo mawili kwenye rejista ya mfumo, daftari lake la mipangilio, ili ijue leo imevaa kanzu gani, kisha inajipanga kulingana na jibu. Na kwa kuwa watu wana mikono, kulikuwa na mlinzi ndani ya kerneli anayeyachungulia maingizo hayo muda wote. Ukiyagusa, anakuonya kwamba umechezea aina ya bidhaa, na kugeuza huko ni kuvunja leseni.

Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilikasirika kidogo, kisha hasira ikaisha. Anayehitaji soketi mbili kwa kawaida ana kazi inayomlipa, na mwenye kazi inayomlipa anaweza kulipa zaidi. Muuzaji anatafuta alama ya kumtambua mtu huyo bila kumwuliza kipato chake, na idadi ya prosesa ni alama nzuri sana. Pia kanzu zile mbili si za mapambo tu. Kerneli iliyojipanga kama seva hugawa zamu na kutunza memori kwa namna tofauti na ile ya mezani. Ni biashara. Naielewa.

Windows XP ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001, na kwa mara ya kwanza watu wa nyumbani wakapewa kerneli ya NT. Makufuli ya Cutler yakaingia sebuleni. Na ndipo uzio ukapigwa palepale sebuleni: Home Edition prosesa moja, Professional mbili. Kwa mtu wa kawaida wa mwaka 2001 uzio huo haukuwa na maana yoyote, maana nani alikuwa na prosesa mbili nyumbani zaidi ya wale wachache wa BP6?

Mwaka mmoja tu ukapita. Novemba 2002 Intel ikatoa Pentium 4 ya gigahezi 3.06 yenye Hyper-Threading: chipu moja inayojitangaza kwa mfumo endeshi kama prosesa mbili. Sasa hesabu ikavurugika. Nini maana ya prosesa moja?

Hapa ndipo napapenda kuliko pote, kwa sababu swali la kifalsafa lilipata jibu kwenye jedwali la bayosi. Kompyuta inapowaka, bayosi huiandalia kerneli orodha ya prosesa zote zilizopo, na kerneli huzisoma kwa mpangilio ulioandikwa. Windows 2000 haikuifahamu Hyper-Threading. Kwake kila jina kwenye orodha lilikuwa prosesa kamili, ikahesabu mpaka kikomo cha leseni, ikafunga daftari. Fikiria basi mashine yenye soketi mbili na majina manne, na Windows 2000 Professional yenye ruhusa ya mawili. Kama majina mawili ya kwanza ni ya chipu moja, chipu ya pili imelala yote. Ndiyo maana watengeneza bayosi waliambiwa waandike kwanza jina moja kutoka kila chipu, kisha ndiyo warudi kuandika yale ya pili, ili mfumo ukiishia njiani uwe angalau umemgusa kila mmoja. Mpangilio wa foleni tu, na mashine inapata prosesa mbili za kweli badala ya moja iliyojigawa.

XP ilikuwa na akili zaidi. Iliiuliza kila prosesa inatoka chipu gani, ikahesabu chipu na si majina. Kwa hiyo XP Home, yenye ruhusa ya prosesa moja, ilionyesha grafu mbili kwenye Pentium 4 ile, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Halafu likaja swali zito zaidi: viini viwili vya kweli ndani ya chipu moja. Kimoja hakikuwa kivuli cha mwenzake kama kwenye Hyper-Threading. Vilikuwa prosesa mbili kamili zilizowekwa kwenye bati moja. Kwa hoja ya ufundi, zilistahili kuhesabiwa mbili. Baadhi ya wauzaji wa programu za makampuni walihesabu hivyo hivyo. Oracle, kwa mfano, leseni zake za hifadhidata zilikwenda kwa viini. Oktoba 2004, kabla chipu hizo hazijafika madukani, Microsoft ikatangaza msimamo wake: leseni zake zitahesabu chipu inayoingia kwenye soketi, si viini vilivyomo. Mei 2005 Intel ikauza Pentium D na AMD ikaleta Athlon 64 X2, na mwenye XP Home aliyenunua mojawapo alipata viini vyote viwili bila kulipia toleo jingine.

Mara nyingi nafikiria kama uamuzi ungekwenda upande wa pili. Kompyuta ya kawaida ya mwaka 2006 ingeuzwa na kiini kimoja kinachofanya kazi na kimoja kinachosubiri leseni. Wa viini vinne angekuwa na robo. Nadhani watu wangeasi, au kikomo kingepandishwa kila mwaka kwa aibu. Badala yake soketi ikawa kipimo, na soketi haikuongezeka. Wahandisi walijaza viini ndani ya chipu, viwili, vinne, vinane, 16, na uzio ukabaki umesimama mahali ambapo hakuna anayepita. Vista ya mwaka 2007 iliurithi: matoleo ya Home soketi moja, Business, Enterprise na Ultimate mbili. Windows 7 vilevile. Windows 10 na 11 vilevile, Home moja na Pro mbili, na tangu mwaka 2017 kuna Pro for Workstations inayokwenda hadi soketi nne. Upande wa seva mambo yaligeuka: SQL Server kuanzia toleo la 2012, na Windows Server kuanzia 2016, zinauzwa kwa viini. Muuzaji alipoona soketi moja imebeba viini vingi, alibadilisha kipimo. Kwenye meza zetu hakubadilisha.

Zama za XP zilikuwa pia na kikwazo kingine, ambacho watu wengi walikichanganya na cha leseni. Diski ya XP ilibeba kerneli za aina mbili, moja ya kompyuta yenye prosesa moja na nyingine ya prosesa nyingi. Ile ya prosesa moja ilikuwa imeondolewa makufuli ya kuzunguka mlangoni, kwani ukiwa peke yako zizini huna haja ya kufunga mlango, na kila kufuli lisilotumika ni muda uliopotea. Ilikuwa hekima nzuri. Shida ilikuja mtu alipong'oa Pentium 4 ya kawaida akachomeka chipu ya viini viwili kwenye mashine ileile. Kerneli iliyosimikwa ni ya upweke, haina makufuli, haiwezi kumkaribisha wa pili hata kama leseni inaruhusu. Dawa ilikuwa kufungua orodha ya vifaa, kutafuta mahali pameandikwa aina ya kompyuta, na kuibadilisha kutoka ya prosesa moja kwenda ya prosesa nyingi. Ukikosea ukachagua aina isiyofaa, mashine haiwaki. Mafundi wa enzi hizo walikuwa na hadithi nyingi za asubuhi baada ya kukosea.

Naingiza hapa jambo linalonikera. Kuna ushauri unaozunguka mtandaoni miaka na miaka: fungua programu ya msconfig, nenda kwenye mipangilio ya kuwasha, weka tiki penye idadi ya prosesa, chagua namba kubwa kabisa, na kompyuta yako itawaka haraka. Uongo mtupu. Kisanduku kile kazi yake ni kupunguza. Kimewekwa kwa ajili ya wanaojaribu programu, wapate kuona inavyokwenda kwenye prosesa moja au mbili. Kikiachwa wazi, kerneli inatumia zote zinazoruhusiwa. Ukiweka tiki na kuchagua zote, hujaongeza chochote. Na siku ukihamishia diski kwenye mashine yenye viini vingi zaidi, umejifungia mwenyewe kwenye namba ya zamani. Nilikijaribu usiku ule wa pili, bila shaka. Namba kubwa niliyopewa kuchagua ilikuwa 12.

Tukiacha leseni, kipo kikomo kingine kinachotoka kwenye mifupa ya mfumo wenyewe. Kerneli ya NT huweka kumbukumbu ya prosesa ambazo kazi fulani inaruhusiwa kukimbilia kwa kutumia neno moja la memori, biti moja kwa kila prosesa. Kwenye mfumo wa biti 32 neno lina nafasi 32, kwa hiyo prosesa 32. Kwenye biti 64, prosesa 64. Huwezi kuongeza nafasi ya 65 bila kuvunja kila programu inayolitarajia neno hilo. Windows 7 ya biti 64 ilizunguka tatizo kwa kugawa prosesa katika makundi ya hadi 64 kila moja, ikafika jumla 256. Lakini programu iliyoandikwa bila kujua makundi ilizaliwa katika kundi moja na kufia humo.

Februari 2020 AMD ilipotoa Threadripper 3990X, chipu moja ya viini 64 na nyuzi 128, jambo hili lilitoka kwenye vitabu likaja mezani. Soketi moja, leseni haina neno, na bado programu nyingi ziliishia kwenye nusu ya mashine, maana nyuzi 128 ni makundi mawili. Windows 11 ndiyo iliyolegeza kwa kuruhusu nyuzi za programu moja zisambae kwenye makundi yote bila programu kuomba. Wamiliki wa chipu ile walikuwa wanatazama nusu kama mimi, ila wao walikuwa na haki ya kushangaa.

Nje ya Windows mambo ni mafupi. Kwa kawaida matoleo ya Linux ya mezani hayana uzio wa soketi. Kikomo kimo kwenye namna kerneli ilivyojengwa, na kiko mbali. Apple waliuza Power Mac G4 ya prosesa mbili mwaka 2000 ikiwa na Mac OS 9, ambapo prosesa ya pili ilisaidia tu programu zilizoandikwa maalumu kwa ajili yake, mpaka Mac OS X ilipofika Machi 2001. Na kuna kompyuta ya BeBox ya mwaka 1995, prosesa mbili za PowerPC 603 za megahezi 66, ambayo usoni ilikuwa na nguzo mbili za taa ndogo, moja kwa kila prosesa, zikipanda na kushuka kulingana na kazi. Haikufua dafu sokoni. Lakini mwenye BeBox hakuhitaji kufungua dirisha lolote kujua kama prosesa zake zote zinafanya kazi, angetazama taa.

Taa zile ndizo ninazozitaka. Uzio wa leseni sina neno nao, nimeshasema. Ninachoona si haki ni uzio usioonekana, kwa mfumo wowote ule. Kerneli inajua. Imesoma orodha ya bayosi, imeikuta chipu ya pili, imelinganisha na ruhusa, imeamua kuiacha. Uamuzi huo unafanyika kila mashine inapowaka. Kuandika mstari mmoja mahali panaposomeka, kwamba prosesa moja imeachwa kwa sababu ya toleo, kusingemgharimu mtu kitu, na kwa muuzaji lingekuwa tangazo la bure la toleo la juu. Kimya kile kinamfanya mtu afungue sanduku mara nne.

Nilidhani nimemaliza na soketi maishani mwangu. Kisha mwezi mmoja uliopita mdogo wangu, ambaye siku hizi anajifunza mambo ya seva kwa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu tu, kwenye kompyuta yake ya mezani, akanipigia simu akiwa amechoka.

"Kaka, mashine pepe inanidanganya. Nimeipa prosesa nane, Windows iliyomo ndani inaona moja. Nimeisimika upya mara tatu."

Nikamwuliza ni toleo gani. Home. Anatumia nini kuiendesha? QEMU, toleo la siku nyingi, kwa amri aliyoinakili mahali. Hapo nikajua. QEMU za kabla ya 6.2 ya Desemba 2021, ukiziambia prosesa nane bila maelezo mengine, zilizipanga kama soketi nane zenye kiini kimoja kimoja. Kwa Linux hilo halina madhara, prosesa ni prosesa. Kwa Windows ya nyumbani, saba kati ya nane zimekaa nje ya uzio, na mashine inawaka vizuri tu, haisemi kitu. Tangu 6.2 mpangilio uligeuzwa, viini vinatangulia soketi.

"Fungua Task Manager," nikamwambia, "uangalie chini ya grafu. Soketi ngapi?"

"Moja."

"Na kwenye amri yako uliyoinakili, umetaja viini?"

Nikasikia vitufe vinagongwa. "Nimeandika nane tu."

Nikamweleza kwamba amri yake ilitengeneza soketi nane, nikamwelekeza aandike soketi moja, viini vinane. Akazima, akawasha. Nikasubiri kwenye simu.

"Nane," akasema. "Zote nane. Sasa kaka, zile soketi nane ilizitoa wapi?"

"Hiyo kompyuta yako yenyewe, iliyopo hapo mezani, ina soketi ngapi?"

Akanyamaza, nadhani aliinama kuchungulia ndani ya sanduku.

"Moja," akasema, akaanza kucheka.